Taja Jina, Damu Ikauke

Kidole cha Mama Tshibola bado kimenyooka. Tulikiacha hewani wiki nzima, wasomaji, na mama wa watu hajakishusha. Bila shaka mkono umekwisha kufa ganzi, lakini hasira iko palepale.

Mbele ya kidole hicho, kwenye saruji ya stesheni ya Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, amechuchumaa Rachelle, mke wa mwanawe. Ana mimba changa, ya kwanza, iliyongojwa mpaka majirani wakachoka kuuliza. Na tangu asubuhi anatoka damu.

"Taja jina yake!" akapiga kelele Mama Tshibola. "Ule mwanaume ulilala naye, taja jina yake hapa mbele ya bantu, damu ikauke!"

"Mama, siko na jina ya kutaja."

"Basi mutoto atatoka. Atatoka sababu ya kichwa yako nguvu!"

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia karanga kabla ya kulisoma, tumwambie haraka. Huu ni mwaka wa tisini na tatu. Vijana wenye majani kichwani wamepita mtaa kwa mtaa wakiimba kwamba kila mwenye asili ya Kasai arudi kwao, hata kama hiyo "kwao" hajaiona tangu azaliwe. Kabeya, mume wa Rachelle, fundi wa mitambo aliyezaliwa hapahapa Kolwezi, ameambiwa ni kilulu, yaani mdudu. Mama yake vilevile. Rachelle yeye ni Mukatanga wa kaskazini, mtu wa Kabongo. Angeweza kubaki nyumbani akinywa chai yake. Akamfuata mume. Sasa wanalala stesheni pamoja na umati mzima, wakingoja treni inayotangazwa kila siku na isiyofika siku yoyote.

Na sheria ya ukoo wa Mama Tshibola, aliyotoka nayo Kasai akaitunza kuliko sufuria zake, ndiyo hii: mke mwenye mimba akitoka damu, basi amemficha mwanaume. Asipomtaja mbele ya watu, mtoto hutoka. Na kabla hajamtaja, mume asimguse, ndugu wa mume wasimguse, hata maji ya mkononi mwao asinywe.

Hiyo ndiyo dawa yao. Mgonjwa anavuja, nao wamemzunguka kama watazamaji wa mpira.

Mwamuzi wa mpira huo alikuwa Tata Kankolongo. Zamani alikuwa kapita, yaani msimamizi, mgodini, mtu wa kupiga kelele ili wengine wachimbe. Hapa stesheni hapakuwa na cha kuchimba, akabaki na kelele tu. Alijichagua mwenyewe kuwa mkubwa wa jukwaa, akajipa kona yenye paa, akaegesha hapo mkokoteni wake, juu ya mkokoteni godoro, na juu ya godoro mke wake Mado.

"Mwanangu Rachelle," alisema kwa sauti ya padri, "jina moja tu, haina kazi nguvu. Hata kama ni muntu mukubwa, sema. Shee bote hapa ni famille, jamaa moja."

"Ni ule muzungu ya garage!" mtu akamsaidia kutoka nyuma.

"Muzungu alikimbia zamani! Mimba yake ingekuwa inaenda masomo!"

Watu wakacheka. Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake hucheka chochote, hata damu ya mwenzake.

Kabeya alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari.

"Mama," alinong'ona, "tumupeleke kwanza ku dispensaire. Jina itakuja kiisha."

"Nyamaza! Ukimugusa, utakufa weye. Unataka nikuzike mu njia?"

Kabeya akarudi hatua moja. Alikuwa fundi wa kufungua bolti zilizoota kutu, lakini mdomo wake mwenyewe, mbele ya mama yake, haujapatiwa spana.

Rachelle akasikia uzi mwingine wa moto ukishuka pajani. Akaubana kwa kikwembe, kitenge alichojifunga. Ng'ambo ya reli aliliona bati la dispensari ya misheni, karibu kabisa, linang'aa kwa jua. Angeweza kulitupia jiwe. Kutembea hakuweza. Na aliyetakiwa kumbeba alikuwa anangoja jina.

Akaweka mkono tumboni. Kaa, mtoto wangu, alisema kimoyomoyo. Shika huko huko. Ngoja nikuokoe kwa uongo, ukikua nitakuambia ukweli.

Akainua kichwa, akawapitisha macho wote waliokuwa kwenye duara, mmoja baada ya mwingine, kama mama anayechagua samaki sokoni.

"Sawa," alisema. "Nitataja."

Hata mtoto aliyekuwa akilia karibu na bomba akakatiza kilio chake, asikie.

"Ni Tata Kankolongo."

Wasomaji, mmewahi kuona mwamuzi akipewa kadi nyekundu?

"Mi?" alisema Kankolongo. Sauti ya padri ilikuwa imemkimbia. "Mi nani?"

Mado akashuka kutoka kwenye godoro, polepole. Mwanamke akishuka polepole namna ile, mwenye akili hutafuta njia.

"Kankolongo. Kila siku unasema unaenda kuteka maji, ndoo inarudi nusu. Kumbe njo ile maji?"

"Mado, haina mi! Anadanganya! Muangalie tu, ni mutoto mudogo, mi niko muzee, mugongo inaniluma…"

"Mugongo inakuluma juu ya kazi gani?"

Mama Tshibola naye akageukia upande wa pili. "Weye! Nilikukalisha karibu ya mwanangu, nikakupa na chumvi yangu!"

"Bantu, musikilize!" Kankolongo alipanda juu ya gunia la mtu. Jasho lilikuwa linamchuruzika. "Musikilize muzuri! Damu ni ugonjwa! Damu haina na jina ya muntu! Bibi anaweza kutoka damu bila mwanaume ingine, hata docteur anajua! Shee ni bakristu, tuache mambo ya giza!"

"Lakini asubuhi ulisema…" mtu akamkumbusha.

"Asubuhi nilikuwa sijaamuka muzuri!"

Na hivyo ndivyo sayansi ilivyoingia stesheni ya Kolwezi. Haikuletwa na serikali wala na wazungu. Ililetwa na kiatu cha Mado, kilichokuwa tayari mkononi.

Kankolongo alilivuta godoro kutoka kwenye mkokoteni, likaanguka vumbini. Akatupa sufuria na kiti. "Mupandishe huyu mama! Haraka! Infirmière ya dispensaire aseme mbele ya bantu bote kama mi niko safi!"

Jina limetajwa, sheria imeshiba. Kabeya sasa aliruhusiwa kumgusa mkewe. Akamwinua kwa mikono yote, akamlaza juu ya mbao, na alipoinama kumpangia miguu akamwuliza sikioni:

"Rachelle… ile ni kweli?"

"Kabeya, muangalie meno yake."

Kabeya akamtazama Kankolongo, aliyekuwa ameachama kwa woga. Meno yaliyobaki yalikuwa yanatafutana.

"Pardon," alisema Kabeya.

"Pardon utanipa kiisha. Sasa sukuma."

Wakasukuma. Kabeya upande huu, Kankolongo upande ule, na Kankolongo ndiye aliyesukuma kwa nguvu zaidi, akipiga kelele, "Mutoke mu njia, mugonjwa! Mutoke, mama ya bantu anakufa!" Mpita njia angedhani ni baba mzazi. Kwenye reli gurudumu lilipanda kwa kishindo, Rachelle akauma meno, na moyo wake ukabaki nyuma, ukihesabu kila mtikiso kama kosa lake.

Mkunga wa dispensari, Mama Elise, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kavu. Hakuwa na haja ya kuamkiwa mara mbili.

"Madame," Kankolongo alianza kabla hata hajapumua, "mbele ya yote, useme kwa sauti, bantu basikie: mwanaume ingine anaweza kutoa mimba ya bibi ya muntu?"

"Tata, umeleta mugonjwa ao umeleta kesi?"

"Byote mbili."

"Kesi ikae inje." Akamfungia mlango usoni.

Ndani aliosha mikono, akamlaza Rachelle, akamwuliza bila haraka. Damu ilianza lini? Nyekundu ao ya kahawa? Imejaza vitambaa? Kuna bonge la damu? Tumbo linauma wapi, katikati ao upande mmoja? Umeanguka kwa kizunguzungu? Rachelle akajibu kila moja, maana kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anaulizwa maswali yenye majibu.

Kisha Mama Elise akamchunguza kwa mikono na taa. Akachukua muda. Rachelle aliuma pindo la kikwembe na kutazama dari, ambako buibui alikuwa anafanya kazi zake bila kufukuzwa na mtu.

"Damu inapunguka," alisema Mama Elise hatimaye. "Na mulango ya kizazi ingali ya kufungwa."

"Njo kusema mutoto eko?"

"Njo kusema mulango imefungwa. Ile njo nimeona, ile njo ninasema. Kama tungekuwa na mashini ya kuona mu tumbo, ningekuonyesha kama roho yake inapiga. Hapa hatuna. Tutangoja."

"Lakini atabaki?"

"Sijui, mwanangu." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Bamama bengi banatoka damu mu mwanzo ya mimba, na mutoto anabaki, anazaliwa, anakuja hapa kunililia mu masikio. Bengine mutoto anatoka. Leo siwezi kujua we uko upande gani. Muntu akikuambia anajua, umukimbie."

"Siku banatufukuza, nilibeba mashini ya kushona ku kichwa, mbali. Njo ile?"

"Hapana, haina mashini njo imeleta damu."

"Nililia sana."

"Haina kulia. Haina mwanaume, haina mama mukwe, hata kama ule wako nimemusikia kutoka hapa. Mimba ikitoka mapema, mara mingi ni mbegu yenyewe haikujipanga muzuri tangu mwanzo. Hakuna muntu ya kufunga mu jela."

Rachelle akafungua mdomo, kikwembe kikamtoka. Ndipo akalia, kwa kelele, bila adabu, na Mama Elise akamwacha alie.

"Utanipa dawa ya kumushika?"

"Siko nayo. Mwenye kusema eko nayo, anakuuzishia majani. Lakini sikia. Damu ikirudi mingi, ikijaza kitambaa mbio mbio, ao maumivu ikikukamata nguvu upande moja, ao dunia ikizunguka unaanguka: usingoje jina ya muntu. Unakuja hapa, hata usiku, hata na mukokoteni ya huyu mupumbavu. Na ile gari ya moshi yenu, usipande."

"Juu ya kutikisika?"

"Mutoto hatoki juu ya kutikisika. Lakini mu ile vagon muntu anasimama siku na siku. Damu ikikuja mingi katikati ya pori, nani atakusaidia? Kankolongo?"

Nje mtu akakohoa. "Madame, amesema nini juu yangu?"

Mama Elise akafungua mlango. "Amesema uko safi. Sasa enda ukaoge."

Kabeya aliingia, akasikia habari nzima, akamshika mkewe mkono. "Basi tunabaki," alisema.

"Weye?" alisema Rachelle. "Bale vijana bakikukuta hapa mutaani, batakuvunja miguu."

"Nitajificha. Namupata mama kwanza, kiisha tunaona…"

Hakumaliza. Firimbi ikalia, ndefu, yenye kutetemesha bati.

Treni! Ile iliyotangazwa mpaka watu wakaifanya wimbo wa dhihaka, leo imeamua kufika. Stesheni nzima ikainuka kama sufuria ya maziwa. Kabeya akatazama mkewe, akatazama reli.

"Mama eko peke yake na mizigo! Namuchukua, narudi. Usitoke hapa!"

Akaruka ngazi za baraza. Kankolongo alikuwa amekwisha mtangulia na mkokoteni mtupu. Ile mikono iliyosukuma kwa huruma sasa ilisukuma kwa haraka. Alilipitia godoro lake vumbini, akalitia kichwani, na Mado nyuma yake bado alikuwa na kiatu mkononi na kesi mdomoni.

Mama Elise alimkalisha Rachelle kwenye benchi ya baraza. Kutoka hapo aliona yote. Watu walipanda kwa milango, kwa madirisha, kwa mabega ya wenzao. Umati ulimwinua Mama Tshibola na mafurushi yake, ukamsukumia ndani bila kumwuliza. Shati la Kabeya likazama nyuma yake.

Baada ya kitambo kichwa cha mama kikatokea dirishani. Halafu mabega. Halafu mama mzima, akining'inia. Watu wa ndani walimsaidia kwa moyo wote, maana kila mtu anayeshuka ni nafasi ya gunia. Akadondoka kwenye kokoto, furushi moja likamfuata.

Kabeya hakutokea. Mkono wake tu ndio ulionekana, juu ya vichwa, katikati kabisa ya vagoni, unapunga, unashika hewa. Watu walikuwa wamekwisha kujazana dirishani.

Treni ikavuta.

"Kabeya!" Rachelle akasimama.

"Kaa!" Mama Elise akamvuta. "Nilikuambia nini? Kaa!"

Akakaa. Vagoni zikapita moja moja, zikiimba nyimbo za kanisa na matusi kwa pamoja, mpaka ya mwisho ikawa doa. Mume wake alikuwa ndani ya doa hilo.

Mama Tshibola alivuka reli akichechemea. Kiatu kimoja mguuni, kingine kimekwenda Kasai. Akafika barazani, akaweka furushi, akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Mama Elise aliwatazama wote wawili, akaona hapahitaji mkunga, akaingia ndani.

Mama Tshibola alikivua kile kiatu kimoja, akakiweka juu ya furushi.

"Kabeya amenipigia kelele mule ndani," Mama Tshibola alisema. "Mara ya kwanza tangu kuzaliwa. Alisema: bibi yangu anabaki, na weye utabaki kumulinda. Kiisha banamufunga na magunia."

"Ulikuwa unaweza kwenda, mama."

"Na mujukuu yangu?" Akatazama tumbo la Rachelle pembeni, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. "Munganga anasema nini?"

"Anasema damu inaweza kutoka, na mutoto abaki. Anasema haina mambo ya mwanaume."

"Ninajua."

Rachelle akageuka mwili mzima. "Unajua?"

"Mu mimba ya Kabeya nilitoka damu. Mingi, kupita yako. Mama mukwe yangu alinikalisha katikati ya bantu vile nimekukalisha leo. Akasema: taja jina."

"Ukataja?"

"Nilikataa. Nikaapa, siko na jina. Banangojea mutoto atoke. Hakutoka. Alizaliwa munene, unamujua mwenyewe, kichwa nguvu kama ya baba yake." Akatazama mikono yake. "Tangu ile siku ninaogopa. Ninasema: labda sheria ilichelewa tu. Labda itakuja kukamata mujukuu."

"Lakini mama, kama ulikuwa hauna jina ya kutaja, unaogopa nini?"

Mama Tshibola alivuta furushi lake karibu. Rachelle akangoja. Halafu akaacha kungoja, maana jibu lilikuwa limekwisha kukaa kati yao kwenye benchi.

"Weye ulikuwa hauna jina, ukataja," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Mi nilikuwa nayo."

"Baba ya Kabeya…"

"Ule tulimuzika, alinilelea mutoto. Mungu amupe. Lakini baba ya Kabeya ni muntu ya hapahapa. Ya Fungurume. Mukatanga, sawa na weye."

Rachelle alitazama reli tupu. Vijana waliimba wiki baada ya wiki, wakavunja milango, wakasafisha mji mdudu kwa mdudu. Na kazi yao nzuri imewezesha Mukatanga halisi kubanwa kati ya magunia, anapelekwa kwa nguvu kwenye nchi isiyo ya baba yake. Na huyu aliye ndani, aliyeshika huko nyuma ya mlango uliofungwa, hana Kasai ya upande wa baba hata kwenye ukucha. Akaweka mkono tumboni. Damu haikuwa imeongezeka. Aliogopa hata kufurahi.

"Ule mwanaume alikufa?"

"Eko. Anaishi Manika, mutaa ya hapa Kolwezi. Hakuna siku amejua."

Kutoka upande wa Manika, kama ulioitwa, ukasikika wimbo. Treni imeondoka, na vijana wamekuja stesheni kuokota waliobaki. Walitokea nyuma ya ghala, wengi, majani kichwani, fimbo mabegani, wakatazama jukwaa tupu, kisha wakatazama baraza la dispensari. Mbele yao alitembea mzee mrefu mwenye mvi, kifua wazi, ndiye aliyeanzisha kila ubeti.

"Mama, ingia ndani," alisema Rachelle. "Ingia mbio, bakikuona…"

Mama Tshibola hakuwa anasikia. Macho yake yalikuwa kwa mzee.

"Amezeeka," alisema. "Lakini njo yeye."

Rachelle alikuwa amekatazwa kusimama. Mama Tshibola hakukatazwa na mtu. Lakini alibaki palepale kwenye benchi, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikung'uta vumbi, akaanza kukifunga upya, vizuri, kama msichana aliyesikia mlango ukibishwa.